Sura ya Saba: Gurudumu Kwanza, Breki Baadaye

Baina ya Ruiru na Thika, katika sehemu ya Murera ambako mashamba ya kahawa yamekuwa yakikatwa viwanja mwaka baada ya mwaka na nyumba za mawe zikainuka mahali pa mibuni, baiskeli haihesabiwi kuwa chombo cha michezo wala cha anasa. Alfajiri hupakiwa maziwa, asubuhi mikate, adhuhuri mitungi ya maji, na magharibi humrudisha mwenyewe nyumbani akiwa amefunga nyuma ya kiti mzigo wa kuni au wa majani ya ng'ombe. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji peke yake. Na keria ya baiskeli nyeusi ya chuma, ile ya Kihindi au ya Kichina ambayo Wakenya wameipa jina la Black Mamba, hubebeshwa mitungi minne bila mtu kuona ajabu, hata ikawa gurudumu la nyuma limekwisha kupokea uzani wa kilo 80 kabla mwenyewe hajatia mguu kwenye pedali. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, ni laini. Lakini hakuna aishiye juu ya barabara kuu, na mara mtu aiachapo kuingia mitaani hupokewa na murram, na mashimo, na makorongo yaliyochimbwa na maji ya masika, na matuta ambayo wenyeji wenyewe wameyainua ili kuwapunguza mwendo wenye pikipiki. Huko ndiko rimu zinakopindia.

Malalamiko yanayofikishwa kwa fundi chini ya mti wake aghalabu ni ya namna moja. Breki inakula upande mmoja. Breki inashika na kuachia, inashika na kuachia, kwa kila mzunguko wa gurudumu. Raba ya kushoto imekwisha ilhali ya kulia ingali mpya. Na kwa kuwa lalamiko limetaja breki, fundi asiye na subira huchukua spana akaishambulia breki: hulegeza hapa, hukaza pale, huupinda mkono wake kwa koleo mpaka sauti ikatike, akapokea ujira wake, na mteja akaenda zake ameridhika. Baada ya juma moja mteja yule hurudi, na safari hii baiskeli ina maradhi mawili, kwa maana gurudumu lingali limepinda kama lilivyokuwa, na juu yake breki nayo sasa imepindwa kulifuata.

Katika sura hii nataka kuthibitisha kwamba breki ya rimu ni shahidi kabla haijawa mshtakiwa. Raba zake zimewekwa milimita moja au mbili tu mbali na chuma cha rimu, kila upande. Na kwa sababu hakuna sehemu nyingine ya baiskeli ambapo kitu kizungukacho hupita karibu hivyo na kitu kisichozunguka, kila upungufu wa gurudumu, wa ekseli, wa gololi, wa uma wa mbele au wa fremu yenyewe, hata uwe mdogo namna gani, hudhihirika hapo kwanza. Yafaa basi shahidi aulizwe kwa utaratibu, tena kuanzia mbali naye, na yeye mwenyewe aguswe mwisho kabisa.

Swali la kwanza halihitaji ala yoyote.

"Fundi, hii breki ya mbele inakula. Nimekuja nayo mbio kutoka huko chini, inanirudisha nyuma tu."

"Pole, mzee. Gurudumu ulilitoa lini?"

"Jana. Nilipata pancha, kijana wangu akaniziba."

"Basi ngoja kwanza."

Fundi mwenye akili akisikia neno pancha hulegeza nati mbili za ekseli, huisimamisha baiskeli juu ya magurudumu yake badala ya kuipindua, huukandamiza usukani chini kwa uzito wa mwili ili ekseli izame mpaka mwisho wa vipasuo vyake, kisha hukaza nati kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, asije akaivuta ekseli upande mmoja. Mara nyingi maradhi hukoma papo hapo na hakuna breki iliyoguswa. Ekseli iliyokaa milimita mbili juu zaidi katika kipasuo kimoja huulaza mzunguko mzima wa gurudumu, na huko juu, kwenye raba, ulalo ule huwa mkubwa kuliko ulivyokuwa kwenye nati, kwa kuwa rimu iko mbali na ekseli. Nyuma, ambako gurudumu huvutwa ili kukaza mnyororo, kosa hili hutokea kwa urahisi zaidi, maana mtu hukaza upande wa mnyororo kwanza, nati ikizunguka huikokota ekseli, na gurudumu likaingia fremuni limekaa kikombo.

Ikiwa ekseli imekaa sawasawa, huulizwa habu. Shika fremu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine itikise rimu kulia na kushoto. Ikigonga, hata kwa mgoto mdogo sana unaosikika vidoleni kuliko masikioni, basi koni zimelegea au gololi zimeliwa, na rimu hiyo itahama kila utakapoegemea upande. Mbele, habu ya kawaida huchukua gololi 10 za robo tatu ya robo inchi kwa kila upande. Nyuma huchukua 9 za robo inchi. Nimeona habu zilizofungwa na gololi saba kwa sababu mbili zilipotelea majanini wakati wa kusafisha, na baiskeli ikatumwa barabarani hivyo hivyo. Gurudumu la namna hiyo halinyoshwi kwa spana ya spoki hata lipewe mwaka mzima. Koni hukazwa mpaka mgoto ukatike, kisha hurudishwa nyuma kiasi cha gurudumu kuzunguka lenyewe kwa uzito wa valvu yake, na nati ya kufungia hukazwa juu yake huku koni imeshikiliwa isigeuke.

Hapo tena ndipo tunapofika kwenye gurudumu lenyewe, na hapa yapasa kusimama kidogo, kwa kuwa watu wengi, na mafundi wasiokuwa wachache miongoni mwao, huliona gurudumu la spoki kuwa limesimama juu ya spoki zake. Spoki ni waya mwembamba wa milimita mbili. Waya haubebi mzigo kwa kusimama chini yake; ukisukumwa utajikunja. Waya huweza kuvuta tu. Mfaransa Eugène Meyer alichukua hataza ya gurudumu la nyaya zinazovuta mwaka 1869, na Mwingereza James Starley mwaka 1874 akaleta spoki zinazotoka habuni kwa mshazari na kupishana, jambo lililoliwezesha gurudumu kustahimili nguvu za pedali na za breki bila habu kujizungusha ndani yake. Na gurudumu la baiskeli inayopita leo katika njia za Murera kimsingi ni lile lile. Habu imefungwa katikati ya rimu na spoki zote zikivutana kwa pamoja, nusu zikitoka ukingo wa kulia wa habu na nusu ukingo wa kushoto. Gurudumu likipakiwa mzigo, kama alivyoeleza mhandisi Jobst Brandt katika kitabu chake kiitwacho The Bicycle Wheel cha mwaka 1981, spoki chache zilizo chini, zinazoelekea ardhi, hulegea kidogo, na zile nyingine zote hubaki karibu kama zilivyokuwa. Mvutano uliokuwamo tangu mwanzo ndio unaobeba. Kwa hiyo gurudumu lililolegezwa spoki zake kwa nia ya kuwa "laini" barabarani halina ulaini wowote. Hufika mahali spoki za chini zikalegea kabisa kila mzunguko, na waya unaolegea na kukazika, ukalegea na kukazika, hukatika shingoni, pale upindapo kuingia katika tundu la habu.

Kutokana na hayo hufuata kanuni yote ya kunyosha rimu. Spoki za kulia huivuta rimu kulia, za kushoto huivuta kushoto, na rimu hukaa pale nguvu mbili hizo zinapolingana. Ikiwa mahali fulani imehamia kulia, ama spoki za kulia za mahali hapo zimekaza mno, ama za kushoto zimelegea au moja imekatika, ama chuma chenyewe kimepigwa na shimo. Spoki iliyokatika hutafutwa kwanza, kwa kupitisha vidole kwenye spoki zote moja moja, na hubadilishwa kabla ya kazi nyingine yoyote. Baiskeli za Kiingereza za zamani ziliwekewa spoki 32 mbele na 40 nyuma, na hiyo akiba ya nyuma ndiyo iliyomwezesha mtu kufika nyumbani na spoki moja au mbili zimekatika. Lakini kulinyosha gurudumu lenye pengo, kwa kulegeza majirani wa ile iliyokufa mpaka rimu ikaonekana sawa, ni kuandaa vifo vingine.

Kazi yenyewe haina siri. Baiskeli hupinduliwa ikasimama juu ya kiti na usukani wake. Gurudumu huzungushwa taratibu. Na kipande cha chaki hushikwa juu ya mguu wa uma, mkono ukiwa umeegemezwa ili usitetemeke, kikasogezwa pole pole kuelekea rimu mpaka kiguse. Chaki haiachi alama kila mahali. Huacha mstari mfupi pale tu ambapo rimu inaijia, na urefu wa mstari huo humwambia fundi spoki ngapi zinahusika: tatu, nne, pengine saba. Katikati ya mstari ndipo pabaya zaidi. Spoki ya hapo iliyo upande wa chaki hulegezwa nusu mzunguko, na jirani yake ya upande wa pili hukazwa nusu. Zile za ncha za mstari hupewa robo tu. Kisha gurudumu huzungushwa tena na chaki hujaribiwa tena. Meno ya spoki ya kawaida ni 56 kwa inchi moja, maana yake mzunguko mmoja mzima wa nati huuvuta waya kwa milimita 0.45, isiyofika nusu milimita, nalo ni jambo la kumshukuru aliyelipanga, kwa kuwa humpa fundi nafasi ya kwenda kwa adabu. Anayezungusha nati mizunguko miwili mizima kwa mara moja hanyoshi. Anahamisha kikombo kutoka mahali pamoja hadi pengine, na kwa kawaida kinapohamia hukuta ndugu yake.

Kuhusu upande wa kuzungushia, wanafunzi wa kazi hii hupotea sana, nami nawaelewa. Nati ya spoki hukazika kwa kwenda na mishale ya saa ukiitazama kutoka upande wa tairi, kwenye kichwa chake chenye mfuo wa bisibisi. Lakini fundi aliyeinama na spana yake yuko upande wa habu, naye huiona nati ikienda kinyume cha saa wakati anapoikaza. Asiyetaka kufikiri juu ya jambo hili kila mara ajizoeze kuwazia bisibisi imeingizwa kutoka tairini, na mkono wake utajua wenyewe.

Spoki zilizokaa miaka katika vumbi jekundu la Murera huwa zimeota kutu ndani ya nati. Ukizilazimisha, waya hujipinda wote pamoja na nati, ukadhani umekaza ilhali umeusokota tu, na mwenyewe akishapanda na kwenda mita hamsini waya hujisokotoa kwa mlio wa kukatisha tamaa na kazi yako yote ikarudi ilikotoka. Tone la mafuta ya cherehani katika kila nati, jioni kabla ya siku ya kazi, huokoa taabu hiyo. Na hata baada ya mafuta, fundi stadi hupitiliza kidogo kisha akarudi nyuma kiasi kile kile, huku kidole cha mkono wa pili kimegusa waya kuhisi kama unasokoteka. Na mwisho wa yote huzishika spoki mbili mbili zinazoenda sambamba, akazibana kwa kiganja kwa nguvu, gurudumu zima, kulia na kushoto, ili kila moja ikae mahali pake kabla haijapewa mzigo wa mitungi.

Rimu inaweza kunyooka kabisa kwa kulia na kushoto na bado isiwe duara. Chaki ikishikwa chini ya ukingo wake, mahali pa breki ya vyuma ya Black Mamba, hudhihirisha hili. Pale rimu iliposogea kuelekea habu, spoki za pande zote mbili hulegezwa kwa jozi; pale ilipotoka nje hukazwa kwa jozi; na kila baada ya kufanya hivyo hurudiwa kutazamwa kulia na kushoto, maana mambo haya mawili hayatengani. Mahali ambapo shimo la barabara limekibonyeza chuma hapatatoka kwa spoki peke yake. Hapo mafundi hutoa tairi na kukigonga kwa nyundo kutoka ndani na kipande cha mti, jambo ambalo wauzaji wa rimu mpya hulicheka, nami siwezi kulicheka, kwa kuwa nimeona rimu za chuma zilizogongwa hivyo zikifanya kazi miaka mingi. Rimu ya alumini usiigonge, hupasuka.

Sasa yaja lile lisilofahamika vema, nalo ndilo chimbuko la nusu ya magomvi baina ya mafundi na wateja wao: gurudumu linaweza kuwa limenyooka, tena duara, na lisiwe katikati. Yaani linazunguka bila kuyumba hata kidogo, lakini lote limekaa karibu na mguu mmoja wa uma kuliko mwingine, na breki inagusa upande mmoja mzunguko mzima pasipo kuachia. Hapa wengi husema uma umepinda, na pengine umepinda kweli. Wengine husema ni gurudumu, na pengine ni gurudumu kweli. Ithibati hupatikana kwa rula ya mtoto wa shule. Pima nafasi kati ya rimu na mguu wa kulia wa uma, kisha na wa kushoto. Tuseme umepata milimita 20 kulia na 26 kushoto. Sasa litoe gurudumu, ligeuze, kilichokuwa kulia kiwe kushoto, likazwe tena vema, upime upya. Ikiwa sasa 26 iko kulia na 20 iko kushoto, kosa limehama pamoja na gurudumu, basi ni la gurudumu. Ikiwa 20 imebaki pale pale kulia, gurudumu halina hatia, na uma au vipasuo vyake ndivyo vilivyopinda. Ikiwa umepata kitu cha katikati, wote wawili wanahusika, na hili ndilo linalotokea kwa baiskeli iliyowahi kugongana na mkokoteni.

Tena zingatia hesabu: tofauti ni milimita 6, lakini rimu imehama 3 tu, kwa kuwa kila milimita inayoingia upande mmoja hutoka upande wa pili. Fundi asiyelijua hili husogeza rimu milimita 6 na kuipeleka ng'ambo, kisha huirudisha, kisha huipeleka tena, mpaka jua likachwa. Kuisogeza rimu nzima, spoki zote za upande mmoja hulegezwa kwa kiasi kimoja, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, na zote za upande wa pili hukazwa vivyo hivyo, ukianzia kwenye tundu la valvu na kurudi kwenye tundu la valvu, usije ukaruka moja au ukaipa mara mbili.

Kwa fremu ya nyuma kuna uzi. Funga ncha ya uzi kwenye kipasuo cha ekseli cha kulia, uupitishe mbele ya bomba la usukani, uurudishe mpaka kipasuo cha kushoto, uukaze. Kisha pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda, na hapana gurudumu litakalokaa katikati yake isipokuwa kwa kudanganywa. Baiskeli za gia zinataka hadhari nyingine: friwili yenye gia nyingi huchukua nafasi upande wa kulia wa habu, kwa hiyo spoki za kulia husimama wima zaidi na hukazwa zaidi kuliko za kushoto ili rimu ipate kuwa katikati ya fremu, ijapokuwa haiko katikati ya habu. Ukizigonga kwa ukucha, za kulia hutoa sauti nyembamba na za kushoto sauti nene. Usizisawazishe. Sauti hulinganishwa baina ya spoki za upande mmoja tu.

Haya yote yakishatimia ndipo breki iguswe, na mara nyingi kufikia hapo haina tena la kuguswa.

Breki ya vyuma ya Black Mamba ina tabia zake. Haina waya, mkono wake huvuta vijiti vya chuma, navyo huvuta kikuku chenye raba mbili, na raba hizo hazibani rimu ubavuni bali huvutwa dhidi yake kutoka ndani, kwenye uso wake unaoelekea habu. Kwa hiyo gurudumu linaloyumba kulia na kushoto huisumbua kidogo kuliko linavyozisumbua breki nyingine. Linaloiumiza ni gurudumu lisilo duara, na mahali palipobonyea ndipo panapoigonga raba. Ya nyuma ina kisa zaidi. Kikuku chake kiko mbele ya gurudumu, karibu na pedali, raba zikiwa nyuma ya ukingo wa rimu. Mnyororo ukilegea, mwenyewe huvuta gurudumu nyuma ili kuukaza, na rimu ikirudi nyuma huzijia raba. Ndiyo maana mtu huenda kwa fundi kukaza mnyororo asubuhi, akarudi adhuhuri akilalamika kwamba baiskeli imekuwa nzito, na fundi akamlaumu kwa mzigo. Kila ukazapo mnyororo, rekebisha kijiti cha breki ya nyuma kwa nati yake, vipande viongozavyo kikuku visogezwe kulifuata gurudumu, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize.

Baiskeli za milimani, zilizoingia kwa wingi kutoka China na nyingine mitumba kutoka Ulaya, huwa na breki za mikono miwili mirefu iliyosimama pande mbili za rimu, namna iliyotolewa na Shimano mwaka 1996 na kuigwa na kila kiwanda. Hii ndiyo inayodai rimu iwe katikati kweli kweli. Kila mkono una springi yake, na pembeni, karibu na mahali unapojipindia, kuna skrubu ndogo. Kuikaza skrubu hiyo huiongezea springi nguvu na huutenga mkono ule mbali na rimu, na mwenzake husogea karibu. Kwa hiyo upande unaogusa ndio unaokazwa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku mkono wa breki ukibanwa na kuachiwa kila mara ili springi zikae. Skrubu ikifika mwisho na bado inagusa, usiendelee kuilazimisha. Ama springi imetoka tunduni, ama mhimili umeota kutu, ama ala ya waya imejaa matope yaliyokauka na waya hauwezi kurudi. Katika Murera, baada ya masika, ni hilo la mwisho: udongo mwekundu huingia ndani ya ala ukiwa laini, na hukauka ukiwa mgumu. Toa waya, ufute, uutie mafuta, au badilisha ala yote, kwa maana ala si ghali na kidole kilichokatwa na waya uliochanika hakiponi upesi.

Raba zenyewe hutazamwa mahali zinapokutana na rimu. Zikigusa tairi, tairi litaliwa ubavuni na kupasuka. Zikiwa chini mno, kila zinavyolika mikono hiyo mirefu huzipeleka chini zaidi, mpaka siku moja zikapita chini ya rimu na kujikita katika spoki. Ncha ya mbele ya raba iguse kidogo kabla ya ncha ya nyuma, tofauti ya milimita moja hivi, na kelele ile inayowafanya watu wa mtaa mzima kugeuka itanyamaza. Na kila mwezi raba zitolewe zikwanguliwe, kwa kuwa chembe za mchanga na za alumini hujipachika ndani yake na kuikwaruza rimu kama tupa.

Wako wanaosema kwamba breki za sahani zimeondoa taabu zote hizi. Sahani haijali rimu ikipinda, hilo ni kweli. Lakini Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa katika baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu kabla hajashinda Tour de France mara nne, alitoka hadharani mwaka 2021 akilalamika kwamba sahani za baiskeli yake ya mashindano, zenye bei ambayo ingenunua Black Mamba za kijiji kizima, zinapata moto mteremkoni, zinapinda, na raba zake zinazigusa.

Limebaki suala la kujua mahali pa kukoma. Rimu inayoyumba kwa nusu milimita imenyooka, na anayeifukuza nusu hiyo kwa saa nzima anapoteza mvutano uliosawazika kwa ajili ya unyofu ambao mteja hatauona. Mashaka yakitokea baina ya rimu iliyonyooka kabisa yenye spoki nyingine kali na nyingine legevu, na rimu inayotikisika kidogo yenye spoki zote sawa, chagua ya pili, ukaiache nafasi ya breki iwe milimita mbili badala ya moja. Rimu iliyopinda kiasi ambacho spoki za upande mmoja zimekaza mpaka nati hazigeuki na za upande wa pili zinacheza mkononi haina dawa, hata ikionekana imenyooka; itarudi ilikokuwa kwenye tuta la kwanza. Rimu ya alumini ambayo ubavu wake umelika ukawa na bonde linalohisika kwa ukucha nayo ibadilishwe, kwa kuwa upepo wa tairi hukisukuma nje kipande kile chembamba, na hupasuka mtu anaposhuka mteremko kwenda mtoni, akiwa ameshika breki. Mteja aambiwe hivyo kabla ya kazi kuanza, na rimu mpya ikifungwa arudi baada ya siku chache za kuitumia na mzigo wake wa kawaida, spoki zikazwe mara ya pili, kwa kuwa zote zitakuwa zimelegea kidogo kwa kukaa mahali pake.